Aipisi mbili na Barlow moja: jinsi ya kupata ukuzaji wa aina saba bila kununua aipisi nyingine

Darubini nyingi zinazofika huku Arusha na Moshi, iwe umeachiwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao au umeagiza mtandaoni ikapitia Dar ikapanda basi, zinakuja na vitu vilevile: aipisi ya mm 25, aipisi ya mm 10 (aipisi ni ile lenzi ndogo unayoweka jicho), na mara nyingine kaBarlow ka 2x ka plastiki (kalenzi ka kuongeza ukuzaji) ambako mtu anakajaribu usiku mmoja anakatupa kwenye droo. Baada ya hapo anaanza kuulizia aipisi ya 6, ya 15, ya 20, na kila moja ina hela yake na nauli yake. Sasa kabla hujatuma hela kokote fanya kwanza haya, maana vitu hivi vimetengenezwa kufunguka na kuungana, na kioo kilekile kikikaa umbali tofauti kinakupa kazi tofauti. Umbali ndio mchezo wote, mengine ni skrubu tu.

Mahesabu yote hapa nayafanya kwa darubini ya kioo cha mm 130 yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo mpaka pale picha inapotua) mm 650, kwa sababu ni ya kawaida sana. Kama yako ni nyingine weka namba zako.

Hatua ya 1: jua ulichonacho

Chukua rula, au ile vernia ya fundi kama unaweza kuazima. Pima unene wa mrija wa aipisi, ule unaoingia kwenye fokasa (kile kishikio cha aipisi unachozungusha kunoa picha). Ukisoma mm 31.7 hiyo ni inchi moja na robo, ndio saizi ya wengi. Ukisoma 50.8 ni inchi mbili. Ukikuta 24.5 hiyo ni saizi ya zamani, utahitaji adapta ya kukupeleka kwenye 31.7 na ukweli ni kwamba vioo vya kundi hilo mara nyingi havistahili kuhangaikiwa.

Halafu geuza aipisi uangalie ndani ya mrija kule chini. Kama kuna nyuzi za skrubu, hizo ndizo nyuzi za filta (kile kioo cha kuchuja mwanga), na kwa inchi moja na robo kipimo chake kwa watengenezaji karibu wote ni mm 28.5 kwa hatua ya 0.6. Kwa inchi mbili ni mm 48 kwa hatua ya 0.75. Hii ndiyo habari njema ya mwongozo mzima, yaani filta ya kampuni moja inaingia kwenye aipisi ya kampuni nyingine, na kitako cha Barlow nyingi kinaingia palepale panapoingia filta. Kuna viwanda vinakata nyuzi vibaya zikawa ngumu au zinacheza, lakini kipimo ni kimoja.

Ukuzaji unaupata kwa kugawa tu, 650 gawa kwa 25 ni mara 26, 650 gawa kwa 10 ni mara 65. Ukomo wa juu wa darubini watu wanahesabu mara mbili ya milimita za kioo, kwa hiyo 130 inakupa 260, ila hiyo 260 ni ya hewa iliyotulia kabisa, siku nyingi utaishia 150 mpaka 200 picha inaanza kuchemka. Kwa hiyo mapengo tunayotaka kuziba ni kati ya 26 na 65, na kati ya 65 na kama 165.

Hatua ya 2: fungua Barlow

Barlow ni lenzi ya kutawanya mwanga inayokaa kabla ya aipisi, jina limetokana na Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza aliyezaliwa 1776. Imeandikwa 2x, na mtu anaamini kwamba ni 2x basi. Sio kweli. Hiyo 2x ni pale tu aipisi inapokaa kwenye umbali aliopanga mtengenezaji. Hesabu yenyewe iko hivi: chukua umbali kutoka kioo cha Barlow mpaka pale picha inapotua ndani ya aipisi, gawa kwa urefu wa fokasi wa Barlow, jumlisha moja. Umbali ukiwa sawa na fokasi unapata 2. Umbali ukipungua nusu unapata 1.5. Ukiongezeka unapanda, 2.5, 3 na kuendelea.

Kwa hiyo shika Barlow yako, mkono mmoja juu mwingine kule chini kwenye kile kipande chenye kioo, zungusha kinyume cha saa taratibu. Nyingi zinafunguka, na kile kitako chenye kioo kikitoka kina nyuzi zilezile za filta. Kifunge kwenye tako la aipisi yako ya 25 au ya 10 moja kwa moja. Hapo umefupisha umbali, na 2x imegeuka kuwa kama 1.5x. Kwa darubini yetu ya mfano aipisi ya 25 inakuwa mara 39, ya 10 inakuwa mara 97. Hujanunua kitu bado.

Kabla hujakaza mambo mawili. Moja, angalia kioo cha Barlow kisiguse kioo cha aipisi, kuna aipisi ambazo lenzi ya chini imekaa karibu kabisa na mdomo wa mrija. Weka kwenye mwanga uangalie kwa pembeni, kama huna uhakika tafuta pete ya filta iliyovunjika kioo uiweke katikati kama spesa. Mbili, nyuzi za aluminiamu laini zinaharibika kirahisi, kwa hiyo anza kwa kuzungusha KINYUME kwanza mpaka usikie ka-tik, hapo nyuzi zimekaa, ndio sasa ugeuze kukaza. Na usikaze kwa nguvu, ikishikwa tu inatosha.

Ikigoma kufunguka usiibane kwa vidole pembeni, maana ukibana ile pete inakuwa ya yai na ndio inazidi kung'ang'ania. Chukua ndala, bonyeza uso wa pete kwenye soli ya mpira ikae sawasawa halafu zungusha aipisi. Mpira unashika pete yote kwa mpigo mmoja na inaachia. Ndala iwe safi lakini, umeosha ukakausha, usije ukachora kioo kwa mchanga wa Majengo.

Hatua ya 3: ongeza umbali

Sasa kinyume chake. Ukiweka ekstensheni, yaani mrija mtupu usio na kioo, kati ya Barlow na aipisi, ukuzaji unapanda. Tuseme Barlow yako ina fokasi ya mm 65, kwa kawaida aipisi inakaa mm 65 juu yake ndio maana imeandikwa 2x. Ongeza mrija wa mm 35, umbali unakuwa 100, hesabu inatoa karibu 2.5x. Aipisi ya 10 inafika mara 165. Aipisi ya 25 inafika mara 66, ambayo ni ileile ya aipisi ya 10 ikiwa peke yake, usifurahi kwamba umepata kitu kipya.

Ukihesabu sasa, pamoja na 52 na 130 za Barlow nzima ya 2x: 26, 39, 52, 65, 97, 130, 165. Saba.

Ekstensheni zinauzwa na ni rahisi kuliko aipisi, ila kuna njia ya bure. Ile Barlow ya plastiki ya droo, kama unayo nyingine nzuri, toa kitako chake chenye kioo uweke pembeni, mrija uliobaki ni ekstensheni tayari. Kioo chake kibovu hakina kazi lakini mrija hauna dhambi. Kama unakumbwa na mng'ao ndani paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, ile ya ubao wa shule inafaa sana, acha ikauke kabisa kabla ya kuunganisha.

Usiende mbali sana na hii kitu. Barlow ya 2x ya bei ndogo ukiisukuma kupita 3x pembeni mwa picha panaanza kuharibika na rangi zinatokea. Na zile za aina ya telesentriki, kama Powermate za Tele Vue, zimetengenezwa makusudi ukuzaji usiyumbe sana umbali ukibadilika, kwa hiyo ujanja huu hautakupa kitu cha maana.

Wenye darubini za lenzi au za Maksutov (zile fupi nene zenye lenzi na kioo) zenye daigonali (kile kiwiko cha kukunja mwanga ili usivunje shingo) mna njia nyingine, Barlow iingie KABLA ya daigonali badala ya baada. Njia ya mwanga ndani ya daigonali ya inchi moja na robo ni kama mm 75 hivi, ukijumlisha, ile 2x inakuwa karibu 3x. Angalia tu mrija wa Barlow usigonge kitu ndani ya darubini. Ila kama Maksutov yako ni ile ya mm 90 yenye fokasi 1250, aipisi ya 10 peke yake ishakupa 125 na ukomo wako ni 180, kwa hiyo 3x ya nini? Wewe kaa na kitako cha 1.5x kwenye aipisi ya 25, mara 75, safi.

Na hapohapo kwenye daigonali kuna hatari. Aipisi iliyofungwa kitako cha Barlow chini imekuwa ndefu, ukiisukuma yote inaweza kugonga kioo cha daigonali. Chukua karatasi, ikunje iwe kijiti, ingiza taratibu kwenye mdomo wa daigonali upime kina, linganisha na urefu wa mrija wako. Ikizidi vaa pete ya mpira ya bomba, zile o-ringi za maduka ya vifaa vya maji, kwenye mrija ili isimame kabla haijafika.

Hatua ya 4: pima ukuzaji wa kweli

Hapa ndipo watu wengi wanaruka na ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Umepata namba za karatasi, sasa zithibitishe, kwa sababu fokasi ya Barlow yako huijui, hakuna anayeiandika kwenye boksi.

Njia ya mchana: tafuta pagale, ukuta wa tofali za bloku usiopigwa plasta, uwe angalau nusu kilomita kutoka ulipo. Huku hazikosekani. JUA LISIWE UPANDE HUO, na usizungushe darubini huku unachungulia, jua likiingia hata sekunde moja umepoteza jicho. Weka aipisi ya 10 peke yake, hesabu tofali ngapi zinaingia kwenye duara kutoka ukingo mpaka ukingo, zile za mstari mmoja wa mlalo. Tuseme 15. Funga kitako cha Barlow, hesabu tena. Zikiwa 10, basi 15 gawa kwa 10, una 1.5x. Weka Barlow nzima, zikiwa saba na nusu una 2x. Ukipata saba kamili una 2.1, andika hivyohivyo.

Njia ya usiku ni tamu zaidi. Sisi tuko kama digrii 3 na nusu tu kusini mwa ikweta, na ule mkanda wa Orioni unapita karibu juu ya vichwa vyetu. Nyota ya mkanda inayotangulia kuchomoza, Mintaka, iko karibu kabisa kwenye ikweta ya anga, na nyota ya pale inatembea robo digrii kwa kila dakika moja. Zima mota kama unayo, weka Mintaka nje kidogo ya ukingo upande inaoingilia, ipite katikati ya duara, piga stopwochi ya simu kuanzia inapoingia mpaka inapotoka. Tuseme aipisi ya 10 imekupa dakika 3, na kitako kikikaa inakupa dakika 2, basi ni 1.5x. Na faida nyingine, ukizidisha dakika kwa robo digrii umepata upana wa anga unaouona, hapo dakika 3 ni robo tatu ya digrii, mwezi mzima unaingia na nafasi inabaki.

Andika matokeo kwenye plasta ya karatasi ubandike ndani ya boksi la aipisi. Gizani hutakumbuka.

Hatua ya 5: tumia kila ukuzaji mahali pake

Ukigawa kipenyo cha kioo kwa ukuzaji unapata upana wa ule mwanga unaotoka kwenye aipisi kuingia jichoni. Mara 26 unatoka mm 5, mara 65 ni mm 2, mara 97 ni 1.3, mara 130 ni 1. Ukishuka chini ya 1 vitu hafifu vinazama gizani.

Kwa hiyo wingu la Eta Carinae, lile kubwa la kusini linalopendeza miezi ya Machi mpaka Mei pale masika yanapokupa upenyo, ni la mara 26 na 39. Omega Centauri ni kundi la nyota linalotaka katikati, mara 65 unaliona kama ukungu wenye chembe, mara 97 chembe zinaachana na bado kuna mwanga wa kutosha, mara 130 tayari linapauka. Hapo ndipo kile kitako cha 1.5x kinalipa, maana bila hicho hiyo 97 huna. Alfa Centauri ukitaka uzione nyota mbili mara 97 inafaa kabisa. Jupita na Zohali nenda 130, hewa ikiwa nzuri 165.

Na kabla hujalaumu Barlow kwamba picha inachemka, angalia unachungulia juu ya nini. Bati za mtaa wa Sakina au Pasua zimekula jua mchana kutwa na saa mbili usiku bado zinatoa joto. Sogea, au subiri saa nne.

Filta, kwa ufupi

Filta ifunge kwenye tako la Barlow, sio la aipisi. Sababu mbili: unabadilisha aipisi bila kufungua filta gizani, na vumbi lililoko kwenye filta linakuwa mbali na pale picha inapotua kwa hiyo hulioni. Wa Kisongo na njia ya TPC, kwenye vumbi la kiangazi, mnanielewa.

Ila kaujanja kenyewe ni ka filta mbili za polaraizi kwa ajili ya mwezi. Wengi wanazifunga zote pamoja, halafu kila wakitaka kubadilisha giza wanatoa aipisi wanazungusha wanarudisha. Funga moja kwenye tako la aipisi, nyingine kwenye tako la Barlow, halafu legeza skrubu ya Barlow kidogo na uizungushe aipisi yenyewe huku unaangalia. Mwanga unapungua na kuongezeka jichoni kwako moja kwa moja. Na hizi ni za mwezi, hakuna filta yoyote ya kwenye aipisi inayofaa kwa jua, kama ulipewa ka kijani keusi kameandikwa jua kavunje ukatupe kwa sababu joto linakapasua ukiwa unaangalia. Filta ya jua inakaa mbele, kwenye mdomo wa darubini, na inafunika mdomo wote.

Uzito na mizani

Barlow, ekstensheni na aipisi zikipandana zinakuwa nzito na ndefu, pua ya darubini inaanza kushuka yenyewe. Kama bomba ni la chuma nenda kwa fundi redio akupe sumaku ya spika iliyokufa, bandika upande wa nyuma, sogeza mpaka ikae. Bomba la aluminiamu halishiki sumaku, hapo tumia kamkanda na kamfuko ka mchanga. (Wenye stendi ya ekwatoria, ile inayoinamishwa kufuata mzunguko wa anga, poleni, nyingi hazishuki mpaka digrii 3 na kidogo za huku, miguu inagongana na uzito wa kusawazisha, ndio maana napendelea Dobson, stendi ya boksi inayokaa chini.)

Simu na kamera

Kwa simu, aipisi ya 25 yenye Barlow inafaa kuliko aipisi ya 10 peke yake hata kama ukuzaji unakaribiana, kwa sababu ya 25 inaacha nafasi kubwa kati ya kioo na jicho na Barlow inaiongeza tena, kamera ya simu inakaa vizuri bila kukatwa pembeni. Shikilia kidole kwenye skrini mpaka fokasi ijifunge, shusha mwanga, tumia taima ya sekunde 3 usiitingishe.

Wenye kamera kubwa mnakutana na tatizo la Nyutoni (darubini ya kioo kama hii yetu ya mfano), kamera haifiki fokasi hata ukiingiza fokasa yote. Barlow inasukuma picha nje kwa hiyo inafika. Angalia kichwa cha Barlow yako, nyingi zina nyuzi za nje za mm 42 kwa hatua ya 0.75, ile T2, unavua mdomo wa kushikia aipisi na kufunga pete ya kamera yako hapohapo. Zile lenzi za kupunguza, za 0.5x, zinazofungwa kama filta, zinafanya kinyume, zinavuta picha ndani, kwenye Nyutoni ya kuchungulia kwa macho mara nyingi hutapata fokasi kabisa. Ningeziruka.

Ukija kununua kweli

Kama hela ipo, cha kwanza ni Barlow nzuri ya chuma yenye kitako kinachofunguka na kichwa cha T2, muulize muuzaji hayo mawili kabla hujalipa. Cha pili ekstensheni ya mm 35. Aipisi baadaye, na usichukue ya 12 au 13 kwa sababu 25 yenye Barlow ishakuwa 12.5, chukua 32 au 18. Zipo pia aipisi zilizotengenezwa kubadilika zenyewe, mfano Hyperion za Baader, unaweka pete kati ya mwili na kundi la lenzi la chini, ile ya mm 8 ikipewa pete ya mm 14 inakuwa 6 na ikipewa ya mm 28 inakuwa 5, ukitoa kundi la chini kabisa inageuka kuwa aipisi ya ukuzaji mdogo ya inchi mbili. Nzuri sana, bei yake nayo sio ya mchezo. Agiza vyote kwenye kifurushi kimoja, nauli ya pete moja na ya pete tano karibu ni ileile.

Vikifika usivihifadhi vimeungana. Vitenganishe, kila kimoja na kifuniko chake, kwenye boksi la plastiki linalobana pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, maana masika fangasi wanaota kwenye kioo na wakishakula koti la lenzi hakuna fundi wa kurudisha. Silika ikichoka weka nyingine.